Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wafanyabiashara wenzangu wa dagaa hapa Kigoma,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na mambo ya ofisi katibu ameshayaeleza. Mimi nitakaa kwenye jambo moja lililotuumiza mwaka huu kuliko bei na kuliko usafiri: tunaagiza na kuahidi kwa kubahatisha.

Tuanze na Agosti. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Kwa kufungwa, wengi walijiandaa vizuri, wakaweka mzigo ghalani mapema. Kwenye kufunguliwa ndipo mambo yalipoharibika. Wateja wa Dar es Salaam waliahidiwa mzigo "ziwa likifunguliwa tu". Nani aliangalia mwezi? Agosti 19 ulikuwa mpevu. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na kwenye mbalamwezi taa haiwavuti ipasavyo. Hilo kila mtoto wa mwalo wetu wa Kibirizi analijua. Giza la kuvulia lilirudi kuelekea mwanzoni mwa Septemba. Aliyeahidi mzigo wa Agosti 20 aliahidi kitu ambacho kalenda ilikuwa imeshamkatalia, na wateja wengine hawajarudi mpaka leo.

Halafu kuna oda za hofu. Muuza rejareja akisikia dagaa wameadimika, anaongeza oda. Dalali anaongeza juu ya hapo, nasi huku mwaloni, dagaa wanakoshushwa, tunaongeza tena, wakati mlaji hajaongeza hata fungu moja. Kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilikuta jambo hilohilo kwenye nepi: watoto walizitumia kwa kiwango kilekile, lakini oda zilipanda na kushuka kupita kiasi kadiri zilivyosogea kuelekea kiwandani. Kinachosaidia ni kupashana habari za mauzo halisi. Kwa hiyo ukimpigia mteja usimuulize "unataka gunia ngapi?" Muulize ameuza ngapi wiki iliyopita na zimebaki ngapi.

Kuhusu kupima, kamati ilipendekeza vipimo vingi, nami nikavipinga vingi, maana daftari lenye safu kumi halijazwi na mtu. Tumebaki na viwili. Cha kwanza ni oda iliyofika kamili na kwa tarehe iliyoahidiwa. Gunia 38 kati ya 40 ni oda iliyokosa, hata kama mteja amekusamehe. Cha pili ni tofauti kati ya makadirio na mauzo. Tuseme ulikadiria gunia 50 ukauza 40: umekosea kwa gunia 10, sawa na robo ya mauzo yako. Andika pia kama ulizidisha au ulipunguza. Anayezidisha kila mwezi hana bahati mbaya, ana tabia.

Uzito nao upimwe mara mbili, hapa mwaloni na kule kwa mteja. Msimu wa mvua dagaa wanafungwa wakiwa wakavu kwa nje tu. Wakifika Dar gunia limepungua kilo na katikati pameota ukungu. Tunapenda kumsingizia msafirishaji, lakini kosa limeanzia kwenye chanja tunapoanikia.

Kuanzia Januari 2025 kila mwanachama ataandika makadirio ya wiki nne za mbele: kwanza kalenda ya mbalamwezi na giza, kisha mvua, kisha mauzo ya kweli ya wateja wake. Atayarekebisha kila Jumatatu. Makadirio ya zamani yasifutwe. Yakatwe mstari ili yasomeke, maana bila hayo hatutajua tulikosea wapi. Mwisho wa mwezi picha ya ukurasa itumwe kwa katibu. Matokeo yatajadiliwa kikaoni bila kutaja majina.

Daftari zimeshapigwa mistari na ziko kwa mhazini. Asiyechukua lake alichukue leo kabla ya kuondoka.

Mwenyekiti
Kigoma, Disemba 2024