Minyoo si kinga ya pumu, wala dawa ya minyoo si tiba yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme jambo linaloniuma mimi kama tabibu ninayeona wagonjwa wa pumu, wengi wao wakiwa watoto. Wazazi wanafikiwa na maneno mawili yanayopingana. La kwanza linasema minyoo humkinga mtu na pumu, kwa hiyo kumpa mtoto dawa ya minyoo ni kumwitia mzio. La pili linasema pumu ya watoto wa nchi za joto ni minyoo iliyopanda kifuani, basi akipewa dawa ya minyoo atapona. Kila moja limeshika kipande cha ukweli, na ndiyo maana yanaaminika. Anayeumia ni mtoto anayeamka usiku wa manane akiitafuta pumzi.

Neno la kwanza lina chanzo cha heshima. Mwaka 1989 mtafiti wa Uingereza David Strachan alionyesha kwamba watoto wenye ndugu wengi nyumbani hawakupata sana mafua ya mzio, akadokeza kuwa huenda maambukizi ya utotoni huizoesha kinga ya mwili kutoshtuka ovyo. Waliofanya kazi katika tropiki wakaigeukia minyoo. Huko Lambaréné, Gabon, utafiti uliotolewa mwaka 2000 uliwapima watoto wa shule 520: wenye kichocho cha mkojo walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuvimba ngozi walipochomwa kwa majaribio kwa dawa iliyotengenezwa kutokana na utitiri wa vumbi la nyumbani. Maelezo yake yanaingia akilini. Mnyoo anayetaka kukaa miaka ndani ya mtu hana budi kuipoza kinga ya mtu huyo, na mojawapo ya njia zake ni kuufanya mwili utoe kwa wingi interleukini-10, kemikali inayotuliza uvimbe. Mwaka uliofuata, taarifa kutoka Jimma, Ethiopia, ikaeleza kwamba wenye safura, yaani minyoo inayonyonya damu utumbuni, hasa waliokuwa na minyoo mingi, hawakusumbuliwa sana na ule mlio wa filimbi kifuani.

Wengi huishia kusoma hapo, nami nawasihi waendelee. Mwaka 2006 watafiti walikusanya tafiti nyingi za aina hii na kuzipima kwa pamoja. Safura ikaonekana kuambatana na pungufu la pumu la karibu nusu. Lakini askarisi, ile minyoo mikubwa ya mviringo ambayo wazazi huiona kwenye choo cha mtoto, ikaambatana na ongezeko la karibu theluthi moja. Kwa hiyo anayesema “minyoo hukinga” anapaswa kwanza kuulizwa: minyoo gani?

Askarisi inastahili kuelezwa vizuri. Mtoto humeza mayai yake kwa mikono au chakula kichafu. Mabuu huanguliwa utumbuni, hutoboa ukuta wake, hupita kwenye ini na kufika mapafuni kwa njia ya damu. Huko hutoka kwenye mishipa na kuingia katika vifuko vya hewa, hupanda hadi kooni, humezwa tena, ndipo hukomaa utumbuni. Yakiwa mapafuni, mwili huyakabili kwa eosinofili, zile zile chembe nyeupe zinazoonekana kwa wingi katika pumu ya mzio. Mtoto hukohoa, hubanwa, kifua hulia. Daktari wa Uswisi Wilhelm Löffler aliieleza hali hiyo mwaka 1932. Na kuna jambo ambalo hata sisi wahudumu hulisahau: wakati huo kipimo cha choo hakionyeshi kitu, kwa sababu mayai huanza kutagwa miezi 2 hadi 3 baada ya mtoto kuambukizwa. Majibu yanarudi “hakuna minyoo”, na kila mtu anaridhika.

Tena askarisi ina protini ya misuli, tropomiosini, inayofanana sana na ile ya utitiri na ya mende. Kingamwili za IgE, zile zinazohusika na mzio, alizotengeneza mtoto dhidi ya mnyoo zinaweza kuutambua utitiri pia. Ndiyo maana penye minyoo mingi kipimo cha damu cha mzio husomwa kwa tahadhari: IgE ya utitiri inaweza kuwa juu kwa mtoto ambaye vumbi halimsumbui hata kidogo. Wapo wazazi wanaogharimika kwa vipimo hivi bila kuelezwa hayo.

Je, tukiwatibu watoto minyoo, pumu itaongezeka? Swali hili limejaribiwa. Huko Gabon, watoto waliopewa dawa mara kwa mara ngozi zao zilianza kuuitikia utitiri zaidi, na hilo silifichi. Lakini ngozi kuvimba katika majaribio si pumu. Nchini Ekuador, shule 68 zilihusishwa, baadhi ya watoto wakapewa albendazoli, dawa ya minyoo, kila baada ya miezi 2 kwa mwaka mzima. Mzio haukuongezeka, wala mlio wa kifua. Katika visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda, vijiji 26 vya wavuvi vilifuatiliwa kwa miaka 3, baadhi vikipewa dawa za minyoo na kichocho kwa wingi kuliko ilivyo kawaida, na pumu haikupanda. Na pale Nottingham, Uingereza, watu wenye pumu walikubali kwa hiari kuambukizwa mabuu 10 ya safura kila mmoja, ili ionekane kama watapata nafuu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 hayakuonyesha nafuu ya maana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.5 wana minyoo inayoenezwa kwa udongo. Safura hunyonya damu hadi mama mjamzito anapauka. Askarisi huweza kuziba utumbo wa mtoto mpaka apasuliwe. Kumwachia mtoto mzigo huo kwa matumaini ya kinga ambayo majaribio hayajaithibitisha ni kumdhulumu.

Neno la pili, kwamba dawa ya minyoo huponya pumu, ndilo linaloua. Mwaka 2019 pumu iliua watu wapatao 455,000 duniani, na wengi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Ugonjwa huu ni uvimbe wa kudumu katika njia za hewa, na kinachoutuliza uvimbe huo ni steroidi ya kuvuta, inayotumiwa kila mara kama mgonjwa alivyoelekezwa, hata siku anayojisikia mzima. Salbutamoli hufungua njia za hewa kwa saa chache, lakini uvimbe unabaki pale pale. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unakataza kumtibu mtu mzima au kijana kwa salbutamoli peke yake. Hata hivyo bado naletewa watoto waliopewa dawa ya minyoo mara nyingi kwa ajili ya kifua, na hawajawahi kushika dawa ya kuvuta ya kuzuia.

Nawaomba pia wenzangu wa tiba wasiitupe minyoo nje ya fikra zao. Mgonjwa mwenye kikohozi kikali cha usiku na eosinofili nyingi mno, anayetoka penye matende, anaweza kuwa na mapafu yaliyoshtuliwa na vimelea vya filaria. Huyo hutibiwa kwa dawa yake kwa wiki 3, na akicheleweshwa mapafu hukakamaa. Na kuna strongiloidesi, mnyoo mdogo anayeweza kujizalisha ndani ya mtu kwa miongo, ambaye mara nyingi kipimo cha kawaida cha choo humkosa, na ambaye dozi moja ya albendazoli haimtoshi. Mgonjwa wa pumu mwenye mnyoo huyu akipewa vidonge vya prednisoloni, yaani steroidi ya kumeza, kinga hulegea, mabuu huongezeka na kusambaa mwili mzima, na anaweza kufa kwa tiba iliyokusudiwa kumwokoa. Anayeandika kozi ndefu au za kurudiarudia za vidonge hivyo, kwa mgonjwa aliyeishi penye mnyoo huyu, ampime kwanza, na pasipo kipimo afikirie kumpa ivermektini, dawa ya mnyoo huyu, mapema. Mwenye shambulio kali asicheleweshwe steroidi. Apewe, na suala la mnyoo lishughulikiwe siku hiyo hiyo.

Wako,
Tabibu na msomaji wa gazeti hili