Sparta: tusiishie kwenye fimbo

Mhariri,

Makala yenu juu ya malezi ya watoto katika Sparta ya kale, dola-mji ya Wagiriki, imesimulia viboko, njaa, na yule mvulana aliyeficha mbweha ndani ya vazi mpaka akararuliwa tumbo. Yameandikwa kweli, ila mwandishi amechanganya zama na kuliruka jambo lililowapunguza Wasparta wenyewe: mchango wa chakula.

Kwanza zama. Xenophon, mwandishi Mgiriki, aliishi karne ya 4 KK na alimfahamu mfalme Agesilaus wa Sparta. Plutarch, naye mwandishi Mgiriki, aliandika yapata mwaka 100 BK. Habari ya wazee kukagua vichanga na kuwatupa wanyonge huko kwenye mlima Taygetus ni ya Plutarch. Xenophon haigusi kabisa. Na wavulana kuchapwa mbele ya umati wa watazamaji penye madhabahu ya mungu wa kike Artemis Orthia ni tamasha la enzi za Warumi.

Mtoto wa kiume alichukuliwa akiwa na miaka 7, akawa chini ya paidonomo, msimamizi wa malezi, aliyepewa vijana wenye mijeledi. Viatu hakuna. Vazi moja mwaka mzima, kipupwe na kiangazi. Malazi yake ni matete ya mto Eurotas aliyoyavunja kwa mikono, bila kisu. Chakula kilipunguzwa makusudi ili ajifunze kuiba, na akinaswa alichapwa kwa kuiba vibaya, si kwa kuiba. Xenophon anaeleza sababu: mwizi sharti akeshe, avizie, aweke wapelelezi, na hizo ndizo kazi za askari. Mrithi wa ufalme, kwa njia, hakupitishwa katika malezi hayo. Agesilaus alipita kwa kuwa hakutarajiwa kutawala.

Sasa bwalo, yaani kundi la kula pamoja, ambalo makala haikulitaja hata kwa neno moja. Kijana alipokua aliomba kuingia katika kundi la watu kama 15 wanaokula pamoja. Kila mmoja wao alitupa tonge la mkate katika bakuli alilobeba mtumishi kichwani. Likionekana hata moja lililobonyezwa, kijana amekataliwa. Aliyekubaliwa alitoa kila mwezi medimno moja ya unga wa shayiri (zaidi ya lita 50), khoe 8 (kipimo cha vimiminika) za mvinyo, mina 5 (kipimo cha uzito) za jibini, mina 2 na nusu za tini, na fedha kidogo za kitoweo. Vyote vilitoka katika shamba lake, lililolimwa na Waheloti, watumwa wa Sparta.

Hapo ndipo mwanafalsafa Aristotle alipoona kasoro. Katika kisiwa cha Krete mabwalo yalilishwa kwa mali ya umma. Sparta kila mtu alijilipia, na aliyeshindwa alipoteza haki za uraia, hata kama alivumilia viboko vyote vya utotoni. Kadiri ardhi ilivyoangukia mikononi mwa wachache, ndivyo walioshindwa walivyoongezeka. Mwanahistoria Herodotus anataja Wasparta 8,000 mwaka 480 KK. Vitani Leuctra, mwaka 371 KK, walikuwapo 700 tu, wakafa 400. Aristotle anasema idadi yao yote ilishuka chini ya 1,000.

Cleomenes wa Tatu, mfalme wa Sparta, alilijua hilo. Alipotaka kufufua malezi ya kale mwaka 227 KK, hakuanza na mijeledi: alifuta madeni, akagawa mashamba upya, akajaza raia wapya, ndipo akarudisha mazoezi ya vijana na mabwalo.

Msomaji wa historia ya Wagiriki