Kumbukumbu zipo, chupa ya chai iko juu yake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari, maana nilidhani wapo wenye kazi hiyo. Lakini ile habari yenu ya wiki mbili zilizopita, ya vijana wanaojitolea kuwasaidia watu kutafuta asili za koo zao hapa Kilimanjaro, imenishinda kunyamazia. Vijana wenyewe sina ugomvi nao, Mungu awabariki. Ugomvi wangu ni na mwandishi wako, aliyedai kwamba kazi yao ni ngumu kwa sababu wazee wa mlimani hawakuacha maandishi. Hawakuacha! Alimuuliza mzee gani huyo, na alimkuta saa ngapi?

Mimi nilikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa kwa miaka 26. Tangu KNPA, chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa mlimani, ya mwaka 1925, ikaja KNCU, muungano wa vyama vyetu vya ushirika, mwaka 1933, mkulima wa huku hapimiwi kahawa mpaka jina lake liandikwe. Leja zetu zilikuwa na namba ya mwanachama, jina la baba yake, kitongoji na kilo. Mzee akifariki, tulikuwa tunaandika pembeni kwa wino mwekundu nani karithi namba. Hiyo kama si historia ya ukoo, ni nini? Na kabla ya kahawa walikuwapo wamisionari: Wakatoliki Kilema tangu miaka ya 1890, Walutheri wa Leipzig kuanzia 1893, na wote walikuwa watu wa kalamu. Mchungaji Gutmann peke yake aliwakalisha wazee wa Old Moshi akaandika mila na mashauri yao kurasa kwa kurasa, kwa Kijerumani. Leo mjukuu wa mzee aliyesimulia anatafuta mtu wa kumtafsiria maneno ya babu yake.

Sasa sikiliza yaliyonikuta mimi. Desemba iliyopita, watu walipopanda kuja Krismasi kama kawaida, ukoo wetu ulikubaliana kaburi la bibi mzaa baba liwekwe marumaru. Fundi akauliza: alizaliwa lini? Kimya. Binamu yangu mmoja, aliyekuja na gari kutoka Dar es Salaam na alikuwa na haraka ya kurudi, akasema andikeni 1900. Mhariri, pita siku moja kwenye vihamba vya huku, yaani mashamba ya nyumbani ya ukoo, usome makaburi. Utadhani nusu ya mlima ilizaliwa 1900. Mimi nikakataa. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba siku habari ilipofika kwao kuwa Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, amenyongwa na Wajerumani, yeye alikuwa mgongoni kwa mama yake, na mama alisimama kwa mshtuko hata hakuhisi kwamba mtoto anamng'ata begani. Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900. Mtoto wa kung'ata hawezi kuwa na miezi miwili. Nikajua jibu litakuwa kwenye kitabu cha ubatizo, kwa kuwa bibi alibatizwa akiwa msichana mkubwa, na mapadre wa zamani hawakumwagia mtu maji bila kumkadiria umri na kuuandika.

Nikapanda bodaboda hadi parokia moja, sitaitaja, ni upande aliozaliwa bibi. Ofisini nikamkuta binti, akaniamkia vizuri, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikaeleza shida yangu. Akaniuliza kama mhusika ni muumini hai. Nikamwambia mhusika alifariki 1981. Akafikiri kidogo, akasema basi mhusika alete barua ya mwenyekiti wa jumuiya yake. Nikarudia kwamba amefariki. Akasema, "Nimekuelewa mzee, lakini barua ni utaratibu," kisha akataka kadi ya zaka, kwa sababu asiyemaliza zaka hahudumiwi. Zaka ya nani? Ya mhusika. Wakati huo wote nilikuwa naviona vitabu vyenyewe, Mhariri! Viko kwenye kabati la kioo nyuma ya kiti chake, vinne, majalada meusi ya kitambaa, pembe zimeliwa na mende, na juu ya kile cha chini kabisa imekaa chupa ya chai na vikombe sita vimefunikwa kitambaa cha kufuma. Alipoinyanyua chupa kumimina chai (alinikaribisha, siwezi kumsingizia), nikaona jaladani duara jeupe la unyevu, duara juu ya duara, chai ya miaka. Nikamwomba anifungulie tu nisome mwenyewe, kalamu sishiki. Akasema ufunguo anao paroko, na paroko yuko semina Arusha. Nilirudi mara tatu. Mara ya pili paroko alikuwa msibani. Mara ya tatu ufunguo ulikuwepo, lakini binti hakuwepo, na aliyekuwepo hakuwa na mamlaka ya kunyanyua chupa.

Najua kitabu cha ubatizo kina siri za watu. Mna mtoto ambaye baba yake hakutajwa, mna ndoa iliyoandikwa pembeni ambayo watoto wa leo hawaijui. Sisemi kifunguliwe kwa kila mpita njia. Lakini mstari wa zaidi ya miaka mia, wa mtu ambaye hata watoto wake wameshafariki wote, unamlinda nani? Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba vipimo vya DNA vimeonyesha ndugu wa damu, walio hai hapa Tanzania, wa baadhi ya mafuvu yaliyobebwa enzi za Mjerumani, na familia za Kilimanjaro zimo. Kichwa cha Meli, kinachosemekana kilibebwa Ujerumani, bado kinatafutwa, lakini angalau kuna mtu anayetafuta. Yaani fuvu lililokaa Ulaya zaidi ya karne limepata jamaa zake, na mimi nimeshindwa kupata mstari mmoja wa bibi yangu kilomita nane kutoka kihambani kwangu, kwa sababu ya barua ya jumuiya!

Na tusiwasakame watu wa kanisa peke yao. Mwezi wa nne nilinunua karanga pale soko la Mbuyuni, mama akanifungia kwenye karatasi iliyokunjwa kama pia. Nilipozimaliza nikaikunjua. Ilikuwa leja ya kahawa. Haikuwa ya chama changu, ila mistari ni ileile, namba, jina, baba, kitongoji, kilo, na pembeni wino mwekundu. Nilirudi kumuuliza mama amezipata wapi, akasema huuziwa kwa kilo, kama magazeti. Nilinunua zilizobaki, kurasa 41, na ninazo hadi leo zinanuka chumvi. Waliokuwa wanasafisha stoo hawakumuuliza hata karani mstaafu mmoja, na tupo, tunaonekana kila siku tukicheza bao.

Sasa hao vijana wako, waambie waje kwetu. Waje Jumanne, si Jumapili. Kila mmoja awe na simu yenye kamera nzuri, kitambaa kikavu cha pamba na kauntabuku ya kwaya tatu, maana simu huibiwa. Waanze na vitabu vya zaidi ya miaka mia tu, ili paroko asipate sababu. Kila ukurasa utolewe nakala tatu: moja ya parokia, moja ya ofisi ya kijiji, moja ya mwenye bibi yake. Mwandishi wako naye aje, atashika tochi. Kilatini cha misa ya zamani bado ninacho, nilitumikia altareni nikiwa mtoto, kwa hiyo filia (binti) na uxor (mke) havitanishinda. Stuli nitakuja nayo mwenyewe.

Marumaru imeshawekwa, sehemu ya mwaka nimemzuia fundi asichonge, iko wazi. Ila zaka ya bibi silipi.

Karani mstaafu wa kahawa,
Moshi Vijijini