Madansa wa televisheni wapewe ajira, si zawadi ya usiku mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nimjibu msomaji mwenzangu wa Morogoro, aliyeandika kwamba mashindano ya kucheza ya televisheni yafutwe kwa kuwa yanawapotezea vijana muda na kuwajaza ndoto zisizo na mshahara. Kwenye mshahara tuko pamoja. Kwenye kufuta, hapana.

Mimi ni mwalimu wa kucheza hapa Sinza. Zamani nilikuwa mnenguaji wa bendi, enzi ambazo watu walilipa kiingilio kwenda kumwangalia marehemu Aisha Madinda wa Twanga Pepeta kama walivyokwenda kuwasikiliza waimbaji. Siku hizi riziki yangu inatoka kwenye harusi. Bwana na bibi harusi wanakuja na wapambe wao, wana wiki chache tu mkononi, wanataka kuingia ukumbini kwa staili na kufungua muziki bila kuaibika. Wengi hawajawahi kucheza mbele ya watu hata siku moja. Kwa hiyo ninaposema dansa wa televisheni kwanza ni mwalimu, nazungumzia kazi ninayoifanya kwa mikono yangu.

Msomaji wa Morogoro aliuliza: ni dansa gani kijana aliyewahi kuishi kwa mashindano ya runinga? Namtajia mmoja, Oti Mabuse wa Afrika Kusini. Alizaliwa Pretoria mwaka 1990, akaanza kushindana angali mtoto, na akawa bingwa wa nchi yake mara nane katika dansi za Kilatini, yaani chacha, samba, rumba, paso doble na jaivu. Shule hakuiacha. Alisomea uhandisi ujenzi katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Tshwane. Dada yake mkubwa, Motsi, naye dansa, alisomea sheria. Nayasema haya makusudi, kwa sababu mzazi akimleta binti yake kwangu, kabla hajakaa kitini ananiuliza, "Na masomo je, mwalimu?" Nami namjibu kwa mfano wa hawa ndugu wawili.

Oti alimfuata dada yake Ujerumani ili ashindane na wakali zaidi. Mwaka 2015 akaingia kwenye shindano la Let's Dance la kituo cha RTL, na mwaka huohuo BBC ikamchukua kwa ajili ya Strictly Come Dancing huko Uingereza. Kwa wasiolijua, shindano hilo lilianza mwaka 2004, na linakwenda hivi: mtu maarufu, awe mwigizaji, mwanamichezo au mtangazaji, anaunganishwa na dansa wa kulipwa. Dansa anamfundisha, anapanga staili ya kila wiki, kisha wanacheza pamoja moja kwa moja hewani. Majaji wanne wanatoa alama, kila mmoja hadi 10, watazamaji wanapiga kura, na jozi mbili za mwisho zinarudia kucheza ili majaji waamue nani aage.

Sasa tazama yaliyompata. Mwaka wake wa kwanza Uingereza alipewa bondia, Anthony Ogogo, wakatolewa mapema sana. Mwaka 2016 akapewa mwigizaji Danny Mac. Samba yao ilipata alama 40 kati ya 40, wakafika fainali, wakashindwa. Mwaka 2017 akapewa mkimbiaji Jonnie Peacock, mwaka 2018 mchezaji wa kriketi Graeme Swann. Kombe hakulipata na hao pia. Mwaka 2019 mwenza wake wa awali aliumia mguu kabla ya kucheza hata wiki moja ya mashindano, akaletewa mwigizaji Kelvin Fletcher dakika za mwisho. Hao wakaingia na samba, wakaongoza ubao wa alama usiku wa kwanza, na mwishoni wakatwaa ubingwa. Mwaka uliofuata, katika msimu wa korona, akapewa mchekeshaji Bill Bailey mwenye miaka 55, mtu ambaye ukimtazama tu unaona kazi iliyopo. Wakashinda. Bailey akawa mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote waliomtangulia, na Oti akawa dansa wa kwanza wa shindano hilo kushinda misimu miwili mfululizo.

Mhariri, naomba wenye vituo vyetu vya televisheni waisome tena aya hiyo, hasa miaka ile kabla ya 2019. Binti alitolewa mapema mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili bado alikuwa na kazi. Mtu maarufu akitolewa anakwenda zake, lakini dansa anabaki. Anarudi kwenye dansi za kikundi zinazofungua kipindi, na msimu ukija anapewa mwanafunzi mwingine. Angekuwa kwenye mashindano yetu, angeagwa mapema mwaka 2015, angepewa fulana na maji ya chupa, na leo nisingekuwa na jina la kumwandikia msomaji wa Morogoro.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo la kufundisha, kwa sababu ndipo ujuzi wenyewe ulipo na ndipo watu wetu hawatazami. Jonnie Peacock ni bingwa wa Olimpiki ya walemavu wa mbio za mita 100, London 2012 na Rio 2016. Mguu wake wa kulia umekatwa chini ya goti, na alikuwa mshiriki wa kwanza wa Strictly aliyekatwa mguu. Sisi tunaofundisha tunajua kwamba hatua nyingi za dansi zinaanzia kwenye kifundo: unakisukuma sakafuni, uzito unahama, nyonga inafuata yenyewe. Mtu asiye na kifundo hicho upande mmoja huwezi kumpa hatua za kwenye kitabu. Inabidi umtafutie uzito wake uko wapi, halafu uipange dansi upya kuanzia hapo, na Jumamosi iko palepale haikusubiri. Nilizitazama dansi zao kwenye simu pamoja na wanafunzi wangu, tukirudisha nyuma kila mara kuangalia Oti alivyosimama: mkono wake ulikuwa wapi, alimpokea upande gani, lini alimwachia. Nimejifunza mengi pale kuliko kwenye semina nilizowahi kwenda.

Mwaka jana nilikuwa na bwana harusi mmoja, mhasibu, ambaye kila nikipiga muziki alikuwa anahesabu kwa midomo, moja mbili tatu nne, macho chini kwenye viatu. Mchumba wake alishaanza kukata tamaa. Nikamvua viatu. Nikachukua kanga, nikawafunga wote wawili kiunoni, si kwa kubana, ila kiasi kwamba mmoja akihama mguu mwenzake anahisi kanga inavuta. Nikazima muziki kabisa. Nikawaambia wasimame tu, wahamishe uzito kulia, kushoto, bila kunyanyua mguu. Walikaa hivyo muda mrefu, feni inazunguka, nje bodaboda zinapiga honi. Ghafla yule kijana akanyanyua kichwa, akaacha kuhesabu. Nilipowasha muziki, tayari alikuwa anakwenda. Hiyo ndiyo kazi ya dansa wa kulipwa, na anayeiweza anastahili kulipwa kwa mwezi kama anavyolipwa mwalimu wa hesabu.

Kwetu mambo yako hivi. Miaka kadhaa iliyopita kikundi cha vijana niliowalea kilifika fainali ya shindano la kucheza la kituo kimoja, jina nalihifadhi. Miezi yote ya msimu hawakulipwa senti. Nauli walichangiwa na wazazi, mavazi niliwashonea mimi na jirani yangu fundi. Mmoja wao, kijana aliyekuwa anatunga staili zote za kikundi, aliumia goti kwenye mazoezi ya mwisho kwenye sakafu ya vigae. Jina lake halikutajwa usiku ule, wala halikuandikwa popote kwenye kioo. Kikundi kilishinda, picha zikapigwa na hundi kubwa ya maboksi. Fedha zenyewe zilikuja baada ya kufuatilia sana, na zilipogawanywa kwa vichwa vyote, wengine walilipia deni la nauli zikaisha. Leo yule mtunzi anauza vocha na vifuniko vya simu Manzese. Goti halijapona vizuri. Bado ndiye mtunzi hodari kuliko wote waliopita mikononi mwangu, na inaniuma kila nikipita pale.

Sasa msomaji wangu anaweza kusema, Ulaya wana fedha. Ni kweli wanazo. Lakini tazama Johannes Radebe, dansa mwingine wa Afrika Kusini, aliyekulia kitongoji cha Zamdela huko Sasolburg. Kabla Waingereza hawajamchukua mwaka 2018 alishacheza kwenye meli za watalii, na alishapita kwenye toleo la Afrika Kusini la Strictly hiyohiyo. Televisheni ya Kiafrika ilimpa ngazi ya kupandia, naye mwaka 2021 akafika fainali Uingereza. Na vipaji havikosekani huku kwetu. Wale watoto wa Kampala, Ghetto Kids, mwaka 2023 walipanda jukwaa la Britain's Got Talent, shindano la vipaji la Uingereza, na jaji Bruno Tonioli akabonyeza kitufe cha dhahabu, kile kinachompeleka mshiriki moja kwa moja nusu fainali, hata kabla hawajamaliza kucheza. Huyo Tonioli alikuwa jaji wa Strictly kwa miaka mingi, haoni dansi kwa mara ya kwanza. Uganda ni jirani hapa, unakwenda kwa basi.

Dansi zenyewe si ngeni kwetu pia. Marehemu baba alikuwa na sahani za santuri za GV, nyimbo za Kyuba, na Jumapili aliweza kucheza chacha na mama sebuleni bila kugusa meza. Vijana wangu wanaocheza singeli wakifundishwa samba wanaishika haraka, kwa sababu mapigo ya Brazili yalitoka Afrika.

Kuna wanaosema kucheza ni uhuni. Wanenguaji tumelisikia neno hilo maisha yetu yote. Ninachojua ni kwamba binti akiwa na mkataba, mshahara na mahali penye usimamizi, anaweza kumkatalia mtu. Asiye na kitu anaogopa kukosa nafasi. Hata huko Uingereza yametokea malalamiko juu ya namna baadhi ya madansa walivyowatendea wenzao mazoezini, na mwaka 2024 BBC ikaamua kuwe na msimamizi chumbani wakati wote wa mazoezi, pamoja na watu wa kushughulikia ustawi wa washiriki na madansa. Hawakulifuta shindano, waliweka ulinzi. Vijana wetu wanafanya mazoezi usiku kwenye kumbi za kuazima, na sijawahi kuona msimamizi.

Oti aliondoka Strictly mwaka 2022 kwa hiari yake. Mwaka huohuo alishakaa kwenye kiti cha jaji katika Dancing on Ice, shindano la kucheza kwenye barafu la kituo cha ITV. Motsi alikuwa jaji Ujerumani tangu 2011 na wa Strictly tangu 2019. Ndiyo njia yenyewe: mshindani, kisha mwalimu, kisha jaji. Huku kwetu kwenye viti vya majaji mara nyingi unakuta mwimbaji au mchekeshaji anayevuma msimu huo, anamwambia kijana "umetisha sana, bro" na hapohapo hajui kwa nini mguu wake wa kushoto ulichelewa. Kijana anarudi nyumbani bila kitu cha kurekebisha. Mnenguaji mwenye miaka ishirini jukwaani yuko nyumbani Mwananyamala anasuka watoto nywele. Mleteni akae pale, ana macho.

Kwa hiyo ombi langu kwa kituo chochote kitakachotangaza shindano la kucheza msimu ujao ni hili. Chagueni madansa wachache, muwape mkataba wa msimu mzima wenye mshahara wa kila mwezi, na muwape watu maarufu wawafundishe. Waigizaji, wachezaji mpira, hata wabunge, Watanzania watakaa kutazama. Jina la aliyetunga staili liandikwe kwenye kioo kila dansi inapoanza. Goti likiumia kazini, kituo kilipe hospitali. Na atakayetolewa wiki ya pili aitwe tena mwaka unaofuata.

Ukumbi wangu una sakafu ya mbao na vioo ukuta mzima. Asubuhi za Jumatatu hadi Alhamisi huwa mtupu, na kituo kitakachokubali masharti hayo nitakipa kifanyie mazoezi bure.

Mwalimu wa kucheza,
Sinza, Dar es Salaam