Mhariri, mwamba mlioupiga picha siwo

Bwana Mhariri,

Habari yenu ya ukurasa wa mbele, ile ya mafuta kwenye miamba ya kale ya matumbawe hapa Pwani ya Kenya, bila shaka unaikumbuka. Mliipa nusu ukurasa, na sehemu kubwa ya nusu hiyo ilikuwa picha: maji maangavu, samaki wa manjano, mtalii amevaa miwani ya kuzamia. Nimelisoma gazeti hili tangu nilipoanza kufundisha jiografia, nimestaafu nalisoma, na muda wote huo sikuwahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Nilinyamaza mlipoandika kwamba Ziwa Turkana liko Pwani. Safari hii nimeshindwa.

Mwamba mlioupiga picha siwo. Wenye mafuta haupigiki picha. Ulijengwa na matumbawe enzi ya Miosini, mamilioni ya miaka kabla hajazaliwa mtu wa kutupa ndoana. Sakafu ya bahari ilikuwa ikididimia, nayo matumbawe yakijenga juu ya mifupa ya wenzao ili yasiachwe na jua, mpaka yakashindwa mbio. Mwamba ukazama gizani, ukafa, matope yakaufunika. Kisima cha Sunbird-1, ambacho kampuni ya Uingereza ya BG Group na washirika wake walikichimba mwaka 2014 nje ya pwani yetu ya kusini, kilianza kwenye maji ya kina cha mita 723, kisha kikapenya matope ya mita zaidi ya 800 ndipo kikagota kichwa cha mwamba. Sasa yule mtalii wenu na kile kimrija chake cha kuvutia pumzi angefika wapi?

Wala jambo lenyewe si gumu kiasi cha kumshinda mwandishi. Muulize fundi yeyote wa Likoni kwa nini huyamwagia maji mawe ya matumbawe kabla ya kujenga. Atakwambia jiwe hili linakunywa. Usipolinywesha kwanza litafyonza maji ya saruji yako na ukuta utabaki vumbi. Linakunywa kwa sababu lina vitundu, na vitundu hivyo vikikaa chini kabisa ya bahari, vikipata mafuta au gesi inayopanda kutoka matabaka ya chini zaidi, na juu kukiwa na tope zito la kuziba, basi unalo ghala. Gesi hukaa juu, mafuta chini yake, maji ya chumvi chini kabisa. Tope likiwa na ufa, ghala halina mlango na mali imeshatoroka zamani. Maelezo haya nimekuwa nikiwapa watoto wa kidato cha tatu kwa dakika kumi, kwa kipande cha jiwe na kikombe cha maji. Wa nyuma kabisa darasani walielewa.

Mlitutajia Zohr, lile eneo la gesi la Misri, na hapo sina ugomvi. Kampuni ya Eni ya Italia iliipata mwaka 2015 chini ya Mediterania, kwenye mlima wa mawe ya chokaa uliojengwa na viumbe vya baharini, na Desemba 2017 gesi ilikuwa inatoka. Lakini mbona hamkutaja Leduc, kule Alberta nchini Kanada? Mwaka 1947 kampuni ya Imperial Oil walipata mafuta pale kwenye mwamba wa enzi ya Devoni, ya kale zaidi kuliko Miosini, na Kanada ikageuka nchi ya mafuta. Kabla ya hapo walikuwa wamechimba visima 133 vikavu. Mia moja thelathini na vitatu! Hesabu hiyo ndiyo habari, Bwana Mhariri. Kwamba ukiujua mwamba kwa mawimbi ya sauti yanayopigwa kutoka merikebuni, unachokijua ni umbo lake tu. Kilichomo ndani hukijui mpaka utoboe.

Sunbird nayo ilitobolewa. Ilikutwa na karibu mita 30 za gesi juu ya mita 14 za mafuta, mafuta ya kwanza kukutwa kwenye kisima cha baharini hapa Kenya. Jambo la kujivunia kwa wanajiolojia, nami nilifurahi peke yangu sebuleni. Lakini kiasi hicho hakikutosha kulipia gharama ya kuyatoa, kisima kikafungwa, na mwaka 2016 BG yenyewe ikanunuliwa na Shell. Nusu ya kwanza ya habari hii mliichapa kwa herufi za kimo cha kidole. Nusu ya pili naingoja hadi leo.

Na mimi ninajua gharama ya hiyo nusu ya pili, maana ilinifikia nyumbani. Mwaka ule wa 2014 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, kijana mwenye akili zake na kibanda cha kutengeneza simu, alikuja jioni moja na dalali. Dalali ana mkoba, na ndani ya mkoba ana ukurasa wa gazeti lenu, ameutia laminesheni kama cheti cha kuzaliwa. Anautandaza mezani kwangu, juu ya kitambaa cha marehemu mke wangu, anaweka kidole kwenye neno MAFUTA, kisha anatoa ramani ya viwanja huko Kwale, robo ekari robo ekari, kwa bei ambayo mwezi mmoja nyuma ungepata ekari nzima na minazi yake. Nikamwambia mpwa wangu: mafuta hayo yako chini ya bahari. Hata yangekuwa mengi, yangepakiwa melini hukohuko, na Kwale isingesikia hata harufu. Nikamtolea Katiba ya 2010, kifungu cha 62, kinachosema madini na mafuta ya ardhini ni mali ya umma, hivyo hata yangebubujika chini ya kitanda chake yasingekuwa yake. Akanisikiliza kwa adabu zote, akamwangalia dalali, akaniangalia mimi, akasema, "Mjomba, lakini si gazeti limesema?" Miaka 31 ya kufundisha, nikashindwa na karatasi ya laminesheni! Akaweka malipo ya kwanza, shilingi 180,000, akauza na pikipiki kumalizia. Nisimsingizie dalali: hakumwibia. Kiwanja kipo, hati ipo, mihogo ipo, ikiliwa na ngedere. Alichomuuzia hasa ni ukurasa wenu. Na sasa, baada ya miaka yote hii, mmeuchapa tena, kwa rangi, na wiki hiyohiyo kijana yuleyule ananipigia simu kuniuliza kama wakati umefika wa kununua cha jirani.

Dikoni kwetu, wanapotua wavuvi na madau yao, picha ile ilifanya kazi nyingine. Wavuvi waliamini mtambo utakuja kutoboa mwamba wanaovua changu na tafi. Asubuhi nzima walibishana, mmoja akaapa atalala ndani ya dau lake mpaka serikali ije. Wana hofu za haki, na mafuta yakimwagika hayaulizi mwamba upi ni hai na upi ni mfu. Ila mliwapa cha kuogopa kisichokuwepo, na wakitoka hapo hawatakuwa na nguvu za kuuliza kilichopo.

Tena kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili. Mnaupenda sana mwamba wa kale ulio mbali, lakini huu tunaoukanyaga hamuuoni. Sehemu kubwa ya mji wa Mombasa imekaa juu ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu bahari iliposhuka. Wareno walianza kujenga Fort Jesus juu ya mwamba huo mwaka 1593. Saruji ya Bamburi hutoka humo. Na kila siku malori hubeba mawe ya kuchonga kutoka matimbo ambayo mchimbaji akimaliza anakunja hema na kwenda zake. Hapa karibu na kwangu lipo timbo la kina cha nyumba mbili, halina ua, halina hata kamba. Mvua za masika hulijaza. Limeshameza mbuzi watatu, mmoja wangu, na watoto huliogelea wakitoka madrasa. Tunajua kwamba timbo linaweza kutengenezwa: huko Bamburi walianza kupanda mivinje mwaka 1971 kwenye jangwa la mawe, na leo watu hulipa kiingilio kwenda kuona twiga. Nimekwenda ofisini kuulizia la kwetu mara nne. Mara ya nne nilielezwa kwamba faili liko kwa mtu aliye likizo. Hilo halina samaki wa manjano, najua.

Basi pendekezo langu ni hili. Pale ukurasa wa matangazo ya vifo, upande wa chini kulia, ambapo siku hizi mnaweka tangazo la dawa ya kunguni, tengeni kisanduku cha sentimita sita kwa nane. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi mwandike humo jina la kisima kimoja mlichokitangaza kwa shangwe, tarehe ya shangwe, na kilivyoishia. Picha haihitajiki. Mkianza na Sunbird-1 mimi nitanunua nakala mbili, moja nikaitie laminesheni.

Na mhariri wenu wa picha aje Likoni siku yoyote baada ya alasiri. Aje na kikombe, jiwe ninalo.

Mwalimu mstaafu,
Likoni