Msimsifu mwendesha pikipiki kwa kukesha

Ndugu Mhariri,

Habari mliyoichapisha juzi kuhusu mwendesha pikipiki aliyemaliza kilomita 1,610 ndani ya saa 24 ilinifurahisha, maana mchezo wetu hauandikwi mara nyingi. Iliniudhi pia. Kichwa cha habari kilimsifu kwa kutofumba jicho usiku kucha, na aya ya mwisho ikashangilia kwamba alifika zikiwa zimebaki saa 3 muda kwisha. Mwandishi wenu aliyahesabu yote mawili kuwa ushujaa. Mimi nikipelekewa safari ya namna hiyo, hapo ndipo ninapoanza kutafuta sababu ya kuikataa.

Mimi ni mhasibu mstaafu. Katika klabu yetu ya waendesha pikipiki wa masafa marefu nimepewa kazi ileile niliyoifanya maisha yangu yote: kukagua risiti. Mtu akimaliza safari haji kwangu na simulizi, anakuja na bahasha. Ndani mna fomu ya shahidi aliyemwona akiondoka na ya shahidi aliyempokea, daftari la safari, na risiti ya kila kituo alichojaza mafuta, yenye tarehe, saa na jina la mahali. Kwenye kila risiti ameandika kwa mkono kilomita alizozisoma kwenye dashibodi. Kama njia yake ina pembe, lazima awe na risiti ya pale kwenye pembe, la sivyo nitajuaje kwamba hakupita njia ya mkato? Na dashibodi yenyewe siiamini. Pikipiki nyingi huzidisha kidogo, kwa hiyo njia naipima upya kwenye ramani, na kila anayejiandaa namwambia aongeze kilomita thelathini au arobaini za akiba. Wapo waliofika wakishangilia, nikapiga hesabu, nikawakuta wamepungukiwa na kilomita chache tu. Chache au nyingi, cheti hakitoki.

Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Tumeufuata kutoka kwa Iron Butt Association ya Marekani, chama kinachojulikana kuliko vyote katika mchezo huu. Safari yao ya kuingilia inaitwa SaddleSore 1000, yaani maili 1,000 kwa saa 24, nazo ndizo zile kilomita 1,610 za habari yenu. Ipo ya maili 1,500 kwa saa 36, halafu ipo ya maili hizohizo 1,500 kwa saa 24, ambayo mimi simshawishi mtu yeyote kuijaribu. Muhimu ni kwamba hizi si mbio. Kila mtu huchagua siku yake na njia yake, na hakuna wa kumpita.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Kilomita 1,610 ukizigawa kwa saa 24 unapata 67 kwa saa. Hiyo ni kasi ya mtu asiye na haraka. Tuseme akiwa barabarani anakwenda wastani wa 100. Atakaa kwenye siti saa 16 na kidogo, na anabakiwa na karibu saa 8 mkononi. Tuseme tena anasimama kujaza mafuta mara 7. Akitumia dakika 25 kila kituo, ameshakula saa 2 na dakika 55. Akitumia dakika 10, ni saa 1 na dakika 10 tu. Tofauti ni saa 1 na dakika 45, na haikumlazimu kuongeza kasi hata kidogo.

Ndiyo maana wazoefu nawatambua kwenye risiti zao. Kadi ya malipo iko mfuko uleule kila mara, maji anakunywa kwa mrija huku anaendesha, kofia ngumu haivuliwi bila sababu. Asiyezoea hushuka, hunyoosha mgongo, huanza kutafuta pochi, hupiga picha, hujibu ujumbe, kisha hurudi barabarani akitaka kufidia. Atafidia nini? Kwenye kipande cha kilomita 300, ukienda 120 badala ya 110 unaokoa dakika zisizofika 14. Soga moja kituoni inazimaliza zote, na hatari yake umeshaibeba.

Kwa hiyo, Mhariri, katika saa 24 usingizi una nafasi yake. Mtu mwenye mpango mzuri anaweza kulala saa 4 kitandani na bado akafika na akiba. Yule wenu aliyefika saa 3 mapema bila kulala alikuwa na saa 3 za usingizi mfukoni, akazirudisha bila kuzitumia. Mngemuuliza kwa nini.

Uchovu nausoma kwenye makaratasi, wala sihitaji kumwona mtu. Risiti za asubuhi huwa na mwandiko ulionyooka. Baada ya usiku wa manane namba zinaanza kupanda mlima, tarakimu zinabadilishana nafasi, 48,317 inakuwa 43,817. Vituo vya dakika 9 vinakuwa vya 14, kisha 31, na hakuna alichonunua. Nimepata daftari ambalo mwenyewe aliandika jina lake kwenye nafasi ya tarehe. Huyo alikuwa bado barabarani! Alinibishia kwamba hakuwa amechoka, nami namwamini kwamba hakujijua, kwa sababu ubongo unaosinzia ni shahidi mbaya wa kujishuhudia wenyewe.

Watafiti walishalipima jambo hili tangu miaka ya 1990. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 ni kama amefikia asilimia 0.10. Kwa mwendo wa 100, pikipiki inakata karibu mita 28 kila sekunde. Macho yakifumba sekunde 3 tu, imeshapita mita 80 bila dereva. Saa mbaya kuliko zote ni kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, halafu uzito mwingine unakuja alasiri. Kahawa haisaidii papo hapo, inahitaji kama nusu saa. Wazoefu hunywa kikombe, wakalala dakika 20 pembeni, wakaamka kahawa imeanza kazi. Na mtu anayetaka kuondoka jioni baada ya kutwa nzima kazini, mimi fomu yake ya ushahidi siisaini. Huyo safari ameianza na saa 12 za deni. Alale usiku mzima, aondoke alfajiri.

Mkiona labda huu ni woga wa bibi mwenye wajukuu, tazameni mashindano magumu kuliko yote, Iron Butt Rally. Yalianza 1984, siku hizi hufanyika kila baada ya miaka miwili kwa siku 11, na walio mbele hukata kama maili 11,000, yaani kilomita 17,700 hivi. Ushindi ni wa pointi, na mojawapo ya njia za kupata pointi ni kupumzika. Mshindani huleta risiti ya kuanza mapumziko na risiti ya kuyamaliza, anahesabiwa. Yaani watu wanaojiita wagumu kuliko wote duniani wanalipwa kwa kulala. Kwa nini basi gazeti limsifu mtu kwa kutolala?

(Nimeandika bibi, na mnisamehe kwa kuchepuka kidogo. Mwandishi wenu aliuita mchezo huu wa vijana wa kiume. Mwaka 1934 Theresa Wallach na Florence Blenkiron, wanawake wawili, waliondoka London kwa pikipiki yenye kigari cha ubavuni na trela, wakavuka Sahara, wakafika Cape Town 1935.)

Lawama si yenu peke yenu. Klabu zetu nazo zina makosa. Nimeona makundi ya simu ambako watu hupangwa orodha kwa saa walizotumia, wa kwanza hadi wa mwisho, na aliyekatisha safari anatupiwa vikatuni vya kumcheka. Kijana akishaona orodha ile, unadhani atalala? Sisi tuliondoa saa kwenye vyeti. Cheti chetu kinasema tu kwamba safari imekamilika ndani ya muda, basi. Waliokuwa na kasi walinung'unika, mmoja akahama klabu, namtakia heri. Pia tulikubaliana kwamba anayesimamisha safari kwa uchovu hachunguzwi wala hahojiwi. Anatuma ujumbe mmoja kwamba amesimama na yuko wapi, na mtu wa zamu anajibu kwamba ameupata. Tangu tuanze hivyo naletewa bahasha nyingi zaidi za safari zisizokamilika. Nazikagua vilevile, kwa sababu zinanifunza kuliko zile zilizokamilika.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkiandika tena habari ya namna hii, saa aliyofika mtu iacheni. Muulizeni alilala wapi na kwa muda gani, na jibu lake mlichapishe, hata kama ni benchi la kituo cha mafuta na kofia kichwani. Akisema hakulala, basi lisiwe jambo la kichwa cha habari.

Kuna pia msomaji aliyeuliza, chini ya habari ile, kama pikipiki ndogo inaweza kumaliza safari hii. Inaweza. Pikipiki kuukuu na skuta ndogo zimewahi kumaliza safari kubwa kuliko hiyo. Ila apige hesabu kwanza. Kama chombo chake kinahimili wastani wa 85, atakuwa barabarani saa 19, na zitabaki 5 za mafuta, chakula, choo na usingizi. Tangi dogo nalo litamsimamisha mara nyingi zaidi. Mimi nisingemsainia. Mwambieni aanze na kilomita 800 za mchana mmoja, aandike kilomita kwenye kila risiti, na usiku alale. Bahasha hiyo nitaipokea na kuikagua bila malipo.

Wako,
Mkaguzi wa risiti, klabu ya waendesha pikipiki wa masafa marefu