Barua ya wazi kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi: Tufungulie njia ya Kisumu–Entebbe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kisumu, kwa niaba yangu na ya wenzangu ambao kazi, ndugu na biashara zao ziko ng'ambo ya Ziwa Victoria, nchini Uganda.

Kutoka uwanja wa ndege wa Kisumu hadi Entebbe, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 255. Hadi JKIA, uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi, ni kama 280. Entebbe iko karibu nasi kuliko Nairobi, na ndege inayotufikisha Nairobi kwa dakika 45 hivi ingetufikisha Entebbe kwa muda uo huo.

Lakini abiria wa kawaida wa Kisumu hupitishiwa Nairobi. Anarushwa kilomita 280 kuelekea mashariki, anashuka, anahama jengo, anapanga foleni ya uhamiaji, anasubiri, kisha anarushwa tena kilomita 520 kurudi magharibi. Njia ya moja kwa moja ya Nairobi–Entebbe inapita karibu na Homa Bay. Aliyekaa dirisha la kulia, kukiwa hakuna mawingu, anaiona Ghuba ya Winam, na kule mwisho wake ndiko alikotoka asubuhi. Kilomita 800 kwa safari ya 255! Ndiyo maana wengi hupanda basi la kupitia mpaka wa Busia, siku ikaishia barabarani.

Uwanja tunao, na njia yake ya kurukia ina zaidi ya kilomita 3. Jina la kimataifa pia tunalo.

Kinachoniuma zaidi ni ada. Abiria wa ndani hutozwa shilingi 600 ndani ya tiketi. Anayetoka nchini hutozwa dola 50, awe anakwenda London au hapo Entebbe tu. Tangu 2014 Mkenya anavuka Busia kwa kitambulisho cha taifa. Akiwa ardhini ni jirani. Mbona akipaa anatozwa kama msafiri wa mbali?

Kampuni za ndege zitakwambia abiria hawatoshi. Kwa ndege kubwa, sawa. Ila watu wanaokwenda Entebbe kwa tiketi mbili huhesabiwa pale Kisumu kuwa abiria wa Nairobi, na wa basi hawahesabiwi uwanjani kabisa. Ndege ya mapangaboi ya viti 70 au pungufu, siku chache kwa wiki, ingetosha kwa kuanzia.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni ada ya safari za majirani wa Afrika Mashariki ishushwe ikaribie ile ya ndani, na wizara yako iketi na wenzao wa Uganda pamoja na kampuni za nchi zote mbili. Maofisa wa uhamiaji na forodha nao wapangwe Kisumu kwa ratiba inayojulikana, maana hakuna kampuni itakayoleta ndege bila hakika hiyo. Suala la ada linaweza kuingia katika Mswada wa Fedha ujao. Tungependa kusikia msimamo wako kabla haujafika bungeni.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Kisumu